Maji ya Ijumaa

Siku ya Jumapili, tarehe kumi na moja Mei mwaka 1969, nilimpoteza mume wangu. Aliugua kifua wiki tatu. Wiki ya tatu alianza kupata nafuu, hata akaomba apikiwe ndizi, na asubuhi ya Jumapili hiyo akafa. Alituacha mimi, mama yake, watoto wanne, na chai changa ambayo ilikuwa haijachumwa hata mara tatu. Aliacha pia spana mbili ndani ya mfuko wa gunia. Kuhusu kifo chenyewe sina mengi ya kusema, kila nyumba imewahi kufiwa. Nataka kuandika habari za zile spana.

Mume wangu alikuwa mtunza moto. Juu ya Gesima, upande ule ambako zamani kulikuwa na mashamba ya wazungu, kuna nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu mmoja aliyetoka nchi ya baridi. Sijui kwa nini mtu atoke kwenye baridi aje kujenga kwenye baridi nyingine, lakini ndivyo alivyofanya. Mke wake hakuweza kuvumilia ukungu wa mwezi wa saba. Basi yule mzungu akaweka boila kwenye kibanda nyuma ya jikoni, na kutoka kwenye boila akapitisha mabomba chini ya sakafu hadi vyumba vitano. Katika kila chumba, ukutani, palisimama chuma kizito chenye mikunjo mirefu. Sisi tuliviita vyuma hivyo mbavu, kwa sababu vilifanana na ubavu wa ng'ombe aliyekonda.

Nieleze jinsi ilivyofanya kazi, maana bila hivyo hutanielewa. Moto wa kuni za miwati unachemsha maji ndani ya boila. Maji ya moto yanapanda kwenye mabomba, yanaingia kwenye mbavu, chumba kinapata joto. Yakipoa yanashuka, yanarudi kwenye boila, yanachemka tena. Maji ni yaleyale. Darini kulikuwa na tangi dogo la kuongezea yale machache yanayopungua. Na nyuma ya kibanda, chini kabisa, karibu na ardhi, kulikuwa na mfereji wa shaba wa kumwaga maji yote siku ya matengenezo.

Mume wangu alipoanza kazi pale mwaka 1952, mzungu alimpeleka mbele ya mfereji huo, akauonyesha kwa kidole na kumwambia kwa Kiswahili chake, "Maji hii hapana toa. Hapana toa kabisa." Mume wangu alirudi nyumbani akaigiza sauti ile, tukacheka hadi mama mkwe wangu akashika mbavu. Tulisema mzungu huyu ni bahili hata wa maji, na mto uko pale bondeni unapita bure.

Baada ya Uhuru mzungu aliuza, akaondoka na mke wake. Nyumba ikawa mikononi mwa kanisa letu, nalo likaifanya nyumba ya kujifungulia. Akaletwa muuguzi mkunga, mwanamke wa upande wa Nyacheki, ambaye sote tulimwita Sista. Wanawake walitoka Gesima yote kuja kuzalia pale, na mara nyingine alifika mmoja wa Nyamache, nilikozaliwa mimi, naye nilimkalisha chini nikamuuliza habari za kwetu. Walipenda mbavu zile. Mama aliyejifungua mwezi wa saba aliweza kumlaza mtoto karibu na ukuta, na mtoto akalala bila kutetemeka. Sista alisema wale waliozaliwa kabla ya miezi yao waliponea pale ukutani. Mume wangu alisikia maneno hayo, na siku hizo alikuwa akitembea tofauti.

Sasa nitasema lililotokea mwaka wa kwanza, maana ndilo mzizi.

Sisi ni watu wa Sabato. Ijumaa ni siku ya matayarisho. Kabla jua halijazama kila kitu kiwe kimeoshwa: nguo, watoto, vyungu, sakafu, na maji ya kesho yawe yameshachotwa. Maji yaliyolala siku nyingi kwenye chombo humwagwa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa na mama yangu, na ndivyo mama mkwe wangu alivyonikuta. Ijumaa moja nilikwenda kumsaidia mume wangu kuosha nyumba ya wazazi, ndivyo tulivyoiita ile ya kujifungulia. Nilifungua ule mfereji wa shaba nipate maji ya kupigia deki. Yalitoka meusi, yananuka kama ndoo kuukuu.

Nikamwambia mume wangu, "Tata, haya ndiyo maji yanayozunguka ndani ya nyumba ya wazazi?"

"Ndiyo hayo."

"Yana muda gani?"

"Tangu mzungu."

"Tangu mzungu! Na kesho ni Sabato, na kuna watoto wachanga mle ndani. Huoni aibu?"

Alijikuna kichwa. Akasema, "Mzungu alikataza yasitolewe."

"Mzungu alikuwa bahili. Si wewe uliyesema?"

Akayamwaga yote. Mimi nikachota maji mapya mtoni, debe baada ya debe, naye akapandisha darini kwa kamba. Ijumaa iliyofuata tulifanya hivyo tena. Tukafanya hivyo kila Ijumaa kwa karibu miaka minne. Wakati wa mvua mto unakuwa mwekundu, lakini tulisema maji mekundu mapya ni afadhali kuliko meusi ya zamani. Watu walimsifu. Mwenyekiti wa kamati alisimama kanisani akasema kama kila mtu angeitunza kazi yake kama mtunza boila wetu, shetani angekosa pa kukaa.

Mwaka 1967 mbavu za chumba cha mwisho zilianza kuwa na joto juu na baridi chini. Mwaka uliofuata vyumba viwili vikapoa kabisa. Mume wangu aliongeza kuni. Akagonga mabomba kwa mti. Akamwaga maji mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, maana yalizidi kuwa meusi. Boila ikaanza kunguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Alipolala kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, ni chumba kimoja tu kilichokuwa kikipata joto. Siku moja aliniuliza, "Leo umegusa mbavu?" Nikamwambia zina joto. Nilidanganya, na niseme wazi kwamba ni uongo pekee niliomwambia katika wiki hizo tatu.

Baada ya mazishi, mdogo wake, shemeji yangu, aliwasha boila. Ilinguruma siku nzima na hakuna ubavu hata mmoja uliopata joto. Mwezi wa sita wazazi walianza kulala jikoni karibu na moshi. Kulikuwa na msichana mmoja kutoka Nyacheki, aliyejifungua mtoto mdogo kama kifaranga. Bibi yake alimfunga mtoto yule kifuani, ngozi kwa ngozi, akakaa naye kwenye kigoda jikoni mchana kutwa, haendi popote.

Mwisho wa mwezi huo kamati iliniita nirudishe funguo za kibanda. Walikaa wanne, nami nikaziweka funguo mezani mbele yao. Katibu akafungua daftari la mikutano akanionyesha mahali pa kutia sahihi. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini siwekei sahihi kitu ambacho sijasoma. Nikasoma. Iliandikwa kwamba mabomba yameharibika kwa uzembe wa marehemu mtunza boila, na kwamba kamati imekubaliana mbavu zing'olewe wapewe watu wa vyuma vikuukuu, na vyumba viwekewe majiko ya makaa.

Neno "uzembe" nililisoma mara ya pili.

"Sitii sahihi," nikasema.

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, jirani yetu, ndiye aliyeomba dua ya mwisho kaburini. Alisema kwa upole, "Mama, ni maneno ya kikazi tu. Lazima tuandike sababu."

"Ni wewe uliyemsifu kanisani."

"Nilimsifu, ndiyo. Lakini chuma hakiharibiki chenyewe. Mzungu alikitumia miaka mingi hakikuharibika. Sisi tumekitumia minne."

Nilijua mume wangu hakuwa mzembe kama ninavyojua jina langu, lakini chuma kilikuwa kimekufa na mimi sikujua kwa nini. Nikawaambia, "Nipeni mwezi wa saba. Leteni fundi aangalie. Akisema ni uzembe, nitatia sahihi."

Mzee mmoja akacheka. "Na nani atamsaidia fundi? Wewe?"

"Spana ninazo," nikasema.

Sista hakuwa mwanakamati, alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Akasema, "Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa linaua. Mkileta hayo majiko, mimi narudi Nyacheki, na ninyi mtazalisha wake zenu." Wakanipa mwezi wa saba.

Fundi aliletwa kutoka mji wa Kisii. Alikuwa Mwislamu, mfupi, wa makamo, kofia yake nyeupe imeingia madoa ya mafuta, na goti moja halikunji. Alisema babu yake alikuja Kisii na jeshi na hakuona sababu ya kuondoka. Ekegusii, lugha yetu, alikijua cha sokoni tu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Mama mkwe wangu, ambaye hakujua Kiswahili kabisa, alikuja naye kukaa kwenye jiwe nje ya kibanda, kuangalia. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, na tangu Mei hakutaka kubaki peke yake nyumbani.

Fundi alipita chumba kwa chumba akigusa mbavu kwa kiganja, juu, katikati, chini, kama Sista anavyopima tumbo. Kisha akasema, "Mama, hii nyumba haina ugonjwa wa moto. Ina ugonjwa wa tumbo. Imevimbiwa."

Tulizima boila na kuiacha ipoe hadi kesho yake. Tukamwaga maji. Halafu tukaanza na ubavu wa chumba cha mwisho. Nilifungua nati mimi mwenyewe, kwa spana za mume wangu, kwa sababu fundi hakuweza kupiga goti na shemeji yangu hakujua kwa kugeuzia. Chuma kile kilikuwa kizito ajabu. Shemeji na fundi walikibeba kwa gogo hadi kwenye nyasi, wakakiinamisha, na mimi nikapiga taratibu kwa mti uliofungwa gunia.

Mwanzo hakikutoka kitu. Kisha kikatoka kitu polepole, cheusi, laini, kinang'aa, kikajaa beseni zima na kikaendelea kutoka.

"Mashallah," fundi akasema. "Huu ni uji wa wimbi au nini?"

Mama mkwe akauliza amesema nini. Nikamfasiria.

"Mwambie uji wangu hauna rangi hiyo," akasema. "Na kama wa mke wake una rangi hiyo, pole yake."

Nikamfasiria fundi. Akacheka hadi akakaa chini. "Mwambie mama, mke wangu akisikia hayo atapanda huku kwa miguu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona mama mkwe wangu akionyesha meno.

Tulipitisha maji kwenye ubavu ule, debe kumi na tatu, hadi yakatoka meupe. Kisha ubavu wa pili. Tope lilikuwa limekaa chini ya kila ubavu, limegandamana, ndiyo maana joto liliishia juu. Fundi alitoa mfukoni sumaku iliyotoka kwenye redio mbovu. Akaichovya ndani ya beseni na kuinyanyua. Tope lilining'inia juu yake kama manyoya.

"Unaona? Hili tope si udongo. Ni chuma. Ni chuma cha nyumba hii hii, kimeliwa kutoka ndani."

"Kimeliwa na nini?"

"Na maji mapya." Aliifuta sumaku kwenye suruali. "Maji mapya yana hewa ndani yake. Hewa inakula chuma. Maji yakikaa humo yanazunguka na kuzunguka, hewa inaisha, yanabaki meusi yananuka, lakini yameshiba, hayali tena. Maji ya namna hii yanaweza kukaa miaka thelathini. Sasa niambie, mama. Kuna mtu alikuwa anabadilisha maji humu?"

Shemeji yangu alinitazama. Mama mkwe alikuwa akitupa mahindi kwa kuku, hakuelewa.

"Kila Ijumaa," nikasema.

"Kila Ijumaa!" Alishika kofia yake. "Miaka mingapi?"

"Karibu minne."

"Nani alimfundisha hivyo?"

Niliona mbele yangu ule mfereji wa shaba na maji ya deki, na mume wangu akijikuna kichwa. Nikasema, "Mimi."

Fundi alirudisha sumaku mfukoni. Kisha akainamia ubavu wa tatu, akasema, "Haya, tuendelee, jua linakwenda."

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya tangi la darini. Tundu la dari lilikuwa dogo. Mume wangu alikuwa mwembamba, alipita kama mjusi. Shemeji yangu alipanda ngazi, akaingiza kichwa, akaingiza bega moja, akakwama.

"Rudi, rudi," fundi akapiga kelele. "Ukinenepa zaidi tutakuzalisha humo humo."

"Nimekula nini mimi cha kunenepa?" sauti yake ikatoka darini. "Vuteni miguu!"

Tukamvuta. Fundi akaangalia goti lake, akaniangalia mimi. Nikafunga leso kiunoni.

Mama mkwe akainuka kutoka kwenye jiwe na kuja mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Kusafisha tangi, Mama."

"Mwanamke hapandi juu ya nyumba."

Sista akasema kutoka kwenye chumba cha wazazi, "Omong'ina, mama mzee, dari si paa."

"Juu ni juu," mama mkwe akasema. "Mwanamke akipanda juu ya nyumba anaita kifo cha mwenye nyumba. Tangu zamani ni hivyo."

Nikamwambia, "Mwenye nyumba yangu amekwisha kufa, Mama."

Nilisema bila hasira, na bado nikajuta mara neno lilipotoka. Aliitazama ngazi. Kisha akaja polepole, akashika mguu mmoja wa ngazi kwa mikono yote miwili, akasema, "Basi panda. Usiteleze."

Darini kulikuwa na vumbi na mwanga mdogo wa kwenye vigae. Tangi lilikuwa nusu udongo mwekundu, udongo wa mto wetu, umekaa tabaka tabaka. Na juu ya ubao, kando ya tangi, nilikuta kipande cha kibuyu alichokuwa akitumia kuchotea udongo ule. Kilikuwa na udongo uliokaukia ndani, na ukingoni kulikuwa na alama za vidole. Kumbe alikuwa akipanda huko na kuchota, na hakuniambia kwamba maji niliyokuwa nikimletea yalikuwa na tope. Nilikaa pale juu muda kidogo.

"Umeona nyoka?" shemeji akauliza.

"Sijaona kitu," nikasema, nikaanza kuteremsha udongo kwa ndoo. Kibuyu nilikifunga ndani ya leso.

Kazi yote ilichukua siku nne. Tulisafisha mbavu tano. Tulikwangua chini ya boila kwa waya uliopindwa, tukachemsha maji yenye magadi ndani yake, tukayamwaga, tukasuuza tena. Tulijaza kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa la paa, tukayachuja kwa kitambaa, polepole, maana fundi alisema ukijaza kwa haraka unafungia hewa ndani. Juu ya kila ubavu kulikuwa na kijiskurubu. Nilikifungua, hewa ikatoka ikilia kama mtu anayepuliza chai, na maji yalipoanza kuruka nikakifunga. Alhamisi mchana shemeji aliwasha moto. Boila haikunguruma. Baada ya saa moja niliweka kiganja chini kabisa ya ubavu wa chumba cha mwisho, mahali pale palipokuwa pa kwanza kupoa, nikakumbuka swali la mume wangu. Palikuwa na joto.

Bibi wa Nyacheki alitoka jikoni na mtoto kifuani, akakaa sakafuni na mgongo ukutani, akafumba macho.

Fundi alipokuwa akifunga vifaa vyake aliniita kando ya kibanda. Jumapili alitakiwa kutoa maneno yake mbele ya kamati.

"Mama, mimi nimezika watu. Nitawaambia chuma kimezeeka. Ni kweli nusu. Kila chuma huzeeka. Hiyo itafuta lile neno lao, na wewe utalala."

Nilimshukuru. Nilifikiri jambo hilo Alhamisi yote na Ijumaa, na hata Sabato katikati ya mahubiri. Nilitaka sana maneno yake yakubaliwe. Lakini kila nilipofikiri, nilimwona mtu mwingine atakayepewa funguo, mtu msafi, Msabato mzuri, akikutana na maji meusi siku ya Ijumaa.

Jumapili fundi alianza, "Wazee, chuma hiki—" Nikasimama.

Nikasema, "Fundi anataka kunihurumia. Chuma hakikufa kwa uzee wala kwa uzembe. Kilikufa kwa kuoshwa. Tulibadilisha maji kila Ijumaa, na maji mapya ndiyo yanayokula chuma. Mzungu alimkataza mume wangu. Mimi ndiye niliyemwambia afungue. Mimi ndiye niliyechota maji. Yeye alifanya kazi zaidi ya aliyoambiwa. Mwandike hivyo."

Yule mzee aliyecheka mwezi uliopita alikuwa akiangalia kiatu chake. Mwenyekiti akamgeukia fundi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Nimewaletea tope lenyewe kwenye mkebe, na sumaku, mkitaka kuona."

Walitaka kuona. Walipitisha sumaku kutoka mkono hadi mkono kama watoto wa shule. Mwisho mwenyekiti akasema, "Hata mimi ningeyamwaga. Maji meusi, siku ya matayarisho. Ningeyamwaga." Kisha akamwambia katibu, "Kata lile neno."

Katibu alipiga mstari juu ya "uzembe" kwa rula. Akaniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike: kwa kubadilisha maji mara nyingi bila kujua, kwa ushauri wa mkewe. Aliandika. Hapo "mkewe" ndipo kalamu ilipokwama akaitikisa. Nikasoma, nikatia sahihi. Wakanirudishia funguo.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe wangu yote, hata lile la kibuyu. Nilitazamia anilaumu. Alikitaka kibuyu, akakishika mapajani akipitisha kidole gumba juu ya alama zile. Hakuzungumza nami jioni hiyo wala asubuhi yake. Siku ya Jumanne aliniuliza kama chumvi ipo.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuosha nyumba ya wazazi, naye akanifuata. Nilipiga deki vyumba vyote, nikaosha madirisha, nikafagia kibanda. Jua lilikuwa limebakiza kidogo juu ya miwati. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, mbele ya mfereji wa shaba, ambao fundi alikuwa ameufunga kwa waya.

"Maji umebadilisha?" akauliza.

"Sijabadilisha, Mama."

Akauangalia mfereji. "Yatalala humo na Sabato."

"Yatalala."

Alinyoosha mkono nikamwinua, nikachukua ndoo, tukaenda nyumbani.